Babu Aliyefichwa Chunguni

Nianze nisianze?

— Anza.

Mnaogopa hamuogopi?

— Tunaogopa.

Basi sogeeni. Aliyeligeuzia giza mgongo ageuke.

Wallahi, wabillahi, watallahi, kila neno nitakalolisema hapa ni kweli tupu. Nikizidisha hata punje, ulimi huu udondoke kwenye makaa mle kama figo la mbuzi. Hadithi hii sikuisoma, maana kusoma sijui na sijaona bado nilichopungukiwa. Niliipata melini. Meli yenyewe kubwa, mtu akitoka mbele amenyoa, anafika nyuma ana ndevu. Mimi ndiye niliyepika wali wa watu wote mle ndani, peke yangu, nakoroga kwa kasia. Na aliyenimenyea vitunguu alikuwa bwana mmoja wa visiwa vya mbali, kule jua linakoamkia, watu weusi kama sisi na nywele kama zetu. Jina lake Tamulo.

Tamulo yule haogopi dhoruba, haogopi nahodha. Lakini siku aliponihadithia haya aliweka kisu chini, akaenda kufunga mlango wa jiko. Na mimi mnanijua. Mimi nilimshika kiboko sikio pale Rufiji mpaka akainamisha kichwa. Lakini nilipoyasikia haya, nililala na taa mpaka mafuta ya meli yakapungua.

Mpo?

— Tupo.

Hapo kale, kale ya kale, kilikuwako kisiwa kinaitwa Loweli. Watu wa Loweli hawajengi juu ya ardhi. Wanajenga baharini, juu ya nguzo, kwenye maji yaliyotulia nyuma ya mwamba. Ukitaka kumwamkia jirani unapanda mtumbwi. Ukitaka kugombana naye, unapanda mtumbwi pia, na ukifika hasira imeshapoa.

Na kila nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ni maiti.

Msishtuke, nawaeleza. Baba mwenye nyumba akifa, wanamzika mpaka nyama iishe. Halafu wanalichukua fuvu, wanaliosha, wanalipaka mafuta ya nazi, wanaliweka kwenye bakuli la mti na kulitundika ndani juu ya mlango. Huyo sasa ndiye Bwana wa Mlango. Anaongezwa heshima kuliko alipokuwa hai. Asubuhi anaamkiwa. Ukivutwa moshi wa tumbaku, anapuliziwa naye. Kazi yake ni kuleta samaki wavuni, na kuzuia mizimu ya nyumba nyingine isiingie. Mtu wa nyumbani akiiba, akidanganya, akitazama mke wa jirani, Bwana wa Mlango anamtia homa mpaka aseme.

Lakini sheria yake ni moja, na ni kali. Mtu wa nyumba ile akifa, mkubwa au mdogo, Bwana wa Mlango ameshindwa kazi. Hana kujitetea. Fuvu lake linachukuliwa, linakwenda kutupwa nje ya mwamba, na jina lake halitajwi tena. Anakaa mwingine. Nyumba moja, Bwana mmoja.

Sasa kwenye kisiwa kile alikuwako kijana anaitwa Pomasa. Ana mke, Nyawali. Ana binti mmoja tu, Imbe, ndiyo kwanza anaanza kupanda ngazi mwenyewe. Ndani ya nyumba ile yuko pia kaka yake mkubwa, Kaloi, hakuoa. Na juu ya mlango yuko baba yao, mzee Selan.

Pomasa alimpenda baba yake, mapenzi ya kupitiliza. Alipokuwa mdogo mzee alimbeba begani, akamfundisha kushona nyavu, akamtafunia samaki mwenye miba. Hata alipokufa mzee, Pomasa kila jioni anakaa chini ya bakuli anazungumza, anacheka. Kaloi akamwambia, "Wewe ndugu yangu utaoa fuvu siku moja."

Pomasa akamjibu, "Afadhali fuvu. Halikoromi kama wewe."

Siku moja Kaloi akaenda kuvua nje ya mwamba. Wimbi likaja, wimbi kubwa, wimbi refu kuliko mnara wowote mliouona. Likamwinua, likamtazama, likamweka chini. Walimpata asubuhi kwenye mikoko.

Wazee wakaja na mitumbwi yao, wakasimama chini ya nyumba. Mkubwa wao akasema, "Pomasa, pole."

"Nimepoa."

"Pole sana."

"Nimepoa, mzee."

"Baba yako amelala kazini. Wewe mwenyewe mtupe mzee nje, na Kaloi akishakuwa tayari umweke yeye. Unajua kwa nini nakwambia wewe mwenyewe."

"Najua."

"Usimwonee huruma. Akionewa huruma anaharibika."

Wakaondoka.

Pomasa akamshusha baba yake, akamweka mapajani. Akamtazama. Akasema moyoni, huyu ndiye aliyenibeba, leo nikamtupe kama kichwa cha samaki? Wimbi limemuua Kaloi, baba ana kosa gani? Akafanya jambo ambalo kisiwani kule hakuna aliyewahi kulifanya. Akachukua nazi kavu, akaifunga kwenye mkeka mdogo, akaenda nje ya mwamba watu wote wanamtazama, akaitupa. Watu wakalia. Walilia nazi. Na fuvu la mzee Selan akalitia kwenye chungu kikuukuu cha unga, darini, nyuma ya nyavu, akafunika na jani.

Halafu Kaloi alipokuwa tayari, akatundikwa juu ya mlango.

Nyumba moja, Mabwana wawili. Mmoja anajulikana, mmoja amefichwa.

Mpo?

— Tupo.

Mbona sauti zimepungua?

Na msidhani mambo haya yalikuja usiku. Mzimu wa usiku hata mtoto anajua kuukimbia. Huyu alikuja mchana, jua la utosini, maji yakitoka. Maji yakitoka kule chini ya nyumba panabaki tope na nguzo, na kimya ambacho unasikia kaa akitembea. Pomasa amekaa anatengeneza wavu. Akasikia juu darini:

*Pomasa, nani alikubeba?*

Akajibu bila kufikiri, "Ulinibeba, baba."

*Pomasa, nani alikulisha?*

"Ulinilisha, baba."

*Basi mbona niko chunguni?*

Hakuogopa bado. Alifurahi, masikini. Akasema, "Vumilia, baba. Usalama wako ni huko."

Siku nyingine, maji yakitoka, samaki wakaja. Wamejaa wavu mpaka mtumbwi unazama. Pomasa akasema, ahaa, huyu baba. Akampasua wa kwanza, ndani hakuna matumbo, kuna unga. Akampasua wa pili, unga. Akampasua wa tatu, unga mkavu, mweupe, unanuka chungu. Akawamwaga wote kabla mkewe hajaona.

*Pomasa, nani alikubeba?*

"Ulinibeba, baba."

*Nani alikulisha?*

"Ulinilisha."

*Basi mbona mwanangu mkubwa amekaa mahali pangu?*

Pomasa akaendelea kushona wavu.

Mara ya tatu maji yalipotoka, sauti haikumwita yeye. Imbe alikuwa anacheza na makombe ya baharini sakafuni. Akainua kichwa, akatazama darini, akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Mama, mguu wangu umeshikwa."

Nyawali akaja. "Umeshikwa na nini?"

"Na babu."

"Babu gani? Babu hayupo, mwanangu. Juu ya mlango yuko baba mkubwa."

"Baba mkubwa amenishika mkono," Imbe akasema. "Babu amenishika mguu."

Nyawali akaugusa mguu. Wa kushoto, baridi kama samaki wa jana. Akaugusa mkono wa kulia, moto kama sufuria. Akamgeukia mumewe. "Pomasa, mguse mwanao." Pomasa akamgusa.

Wakamleta Bibi Sapeo.

Huyo sasa, hata Tamulo alipomtaja alishusha sauti. Bibi Sapeo alifiwa na mtoto mchanga zamani, mtoto hajajua kusema. Na mtoto yule ndiye anayemtuma kwa mizimu. Anakwenda, anauliza, anarudi, na kwa kuwa hakuwahi kujifunza maneno, anajibu kwa mluzi, kwenye mdomo wa mama yake. Bibi amekaa, macho amefumba, midomo imebana, mluzi unatoka. Fiiii. Halafu mwenyewe bibi anawafasiria.

Mluzi wa kwanza ukatoka. Bibi akasema, "Nyumba hii ina jambo limefichwa. Kila mtu aseme lake."

Ndivyo desturi. Mgonjwa hatapona mpaka nyumba itapike. Nyawali akaanza. "Mimi nilimpelekea dada yangu samaki wa kukaushwa bila kumwambia mume wangu."

"Wangapi?"

"Bibi, niwahesabu tena? Wa kutosha."

"Haya. Na wewe, Pomasa?"

Pomasa akasema, "Mimi nilivunja kasia la marehemu kaka yangu, nikasingizia papa."

Bibi Sapeo akamtazama. "Papa anavunja kasia?"

"Ndivyo nilivyosema, na kaka aliamini."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kwenye msiba. Imbe hakupata nafuu. Baridi ikapanda ikafika gotini.

Bibi akamtuma mtoto wake tena. Mluzi wa pili, mrefu. "Mtoto wangu anasema hajaona kitu kama hiki. Amemuuliza Bwana wa nyumba, wakajibu wawili."

Nyawali akasema, "Wawili wa wapi, bibi? Sisi tuna mmoja, huyo hapo."

"Nami namwona mmoja. Pomasa, una la kusema?"

Neno likamfika kooni. Akafikiria baba yake kule kwenye maji meusi, peke yake, hana jina. Akalimeza. "Sina, bibi."

Baridi ikapanda ikafika kiunoni. Imbe sasa hasemi. Anavutwa. Wallahi mtu ukisimama unaona. Mkeka umetulia na mtoto anasogea, kidogo upande wa mlango, kidogo upande wa dari, kama wavu unaogombaniwa na wavuvi wawili. Nyawali akamlalia juu kumzuia. Naye akavutwa, mama mzima na mwanawe.

Bibi Sapeo akamtuma mtoto mara ya tatu. Mluzi safari hii haukuwa mluzi, ulikuwa kilio cha mtoto mchanga. Bibi mwenyewe akatoka machozi, macho yamefumba. Akasema taratibu:

"Aliye mlangoni ameshika mkono, anavuta ndani. Aliye gizani ameshika mguu, anavuta nje. Aliye mlangoni anachoka, maana ni mgeni kazini. Aliye gizani hachoki. Analishwa."

"Analishwa na nani?" Nyawali akauliza.

"Anaongeleshwa. Ndicho chakula chao."

Nyawali akageuka, akamtazama mumewe. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Akasema, "Baba Imbe. Mimi nakusikia mchana unazungumza na nyavu. Nikasema mume wangu ana majonzi, mwache. Unazungumza na nani?"

Pomasa akapiga magoti. "Na baba."

"Baba ulimtupa."

"Nilitupa nazi."

Hata kaa chini ya nguzo wakasimama.

"Yuko wapi?"

"Chunguni. Kwenye unga."

Nyawali akaangalia chungu kile darini. Unga wa chungu jirani yake ndio aliokuwa akiupika.

Pomasa akalia. "Bibi, nimekosa, lakini baba hawezi kumdhuru mjukuu wake. Alimpenda Imbe. Huyo anayevuta labda ni mzimu wa nje. Baba yangu namjua."

Bibi Sapeo akamsogelea mpaka wakagusana paji la uso. "Ulimjua akiwa na tumbo na macho. Sasa nijibu kama mtu mzima. Mtoto huyu akifa, kwa sheria yetu, nani ameshindwa kazi?"

"Kaloi."

"Kaloi anafanywa nini?"

"Anatupwa."

"Na kwenye nyumba hii, akitoka Kaloi, anabaki nani?"

Pomasa akatazama darini. Alilisikia jibu kabla hajalisema, likamwingia mgongoni kama maji baridi. Baba anamuua mjukuu ili arudishiwe mlango wake.

Mpo?

— Tupo.

Nani amenishika mkono? Haya, endelea kushika, si kwamba naogopa.

Pomasa akapanda darini, akakumbatia chungu, akashuka. Bibi akamwambia, "Nenda nje ya mwamba. Atakuita, usijibu. Atakuita tena, usigeuke. Ukijibu neno moja tu, rudi ukachimbe kaburi dogo."

Jua la utosini, bahari haina wimbi, kama mafuta. Chungu amekiweka mbele yake kwenye mtumbwi. Anapiga kasia. Chungu kikaanza.

Kwanza kwa hasira. *Pomasa, mbwa wewe. Nilikubeba, nikakulisha, nikakufundisha. Leo unanifanyia nini?*

Pomasa akapiga kasia.

Pili kwa upole, sauti ile ile ya zamani, ya kutafuna samaki mwenye miba. *Mwanangu mdogo, huko nje kuna baridi. Huko hawana majina. Wanatambaa chini, wanapungua, wanapungua, mpaka wanakuwa majongoo bahari, na watoto wanawachokoa na vijiti. Unataka mimi niwe hivyo?*

Pomasa machozi yanamtiririka mpaka kifuani. Mdomo ukafunguka wenyewe. Akauziba kwa mpini wa kasia, akauma mti mpaka jino likavunjika. Mti mgumu wallahi, si mti wa huku, mti wa kule ukiuuma unakuuma.

Akafika kwenye maji meusi. Akakiinua chungu. Ndipo mzee akasema mara ya tatu, kwa sauti ya chini, ya mtu anayekupa shauri jema:

*Mbona unahangaika? Yule ni mdogo. Hana uzito. Mke wako atazaa mwingine. Baba utampata wapi mwingine?*

Wapo watu hapo wangejibu. Pomasa hakujibu. Mikono ndiyo iliyojibu. Ikakiachia.

Chungu hakikuzama mara moja. Kilielea, mdomo umeelekea juu, unga unamwagika majini kama moshi. Kikamtazama. Halafu kikaenda chini, na njia nzima kinaita jina la Pomasa, kila likiitwa linakuwa dogo zaidi, mpaka likawa kama povu linapasuka. Naye hakugeuka. Roho yake ilirudi kinyumenyume, lakini uso ulikwenda mbele.

Alipofika nyumbani Nyawali alikuwa kwenye ngazi. "Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Umemjibu?"

Pomasa akafungua mdomo, akamwonyesha lile jino.

Ndani, Imbe alikuwa amekaa. Amenuna. Akasema, "Nina njaa. Na sitaki unga." Mama yake akamchomea gimbi, akala lote, akaomba la baba yake.

Baridi ikashuka kiunoni, ikashuka gotini. Kwenye kisigino haikutoka. Mpaka mtoto yule amekuwa mtu mzima, kisigino chake cha kushoto kilikuwa baridi, mumewe akilalamika kila siku.

Na Pomasa? Hakukaa tena chini ya bakuli kuzungumza. Asubuhi alimwamkia Kaloi, akampa moshi wake, basi. Watu wakasema mapenzi yake yamekufa. Yeye aliwaacha waseme. Alipozeeka, homa ilipomlaza, akamwita Imbe, akamkalisha karibu. Imbe sasa ana watoto wake, wanarukaruka sakafuni.

Akamwambia, "Mimi nitakaa mlangoni. Nitawaletea samaki, nitafanya kazi yangu vizuri kadiri niwezavyo."

"Ndiyo, baba."

"Siku moja nitashindwa. Wote wanashindwa. Siku hiyo nitakusemesha maneno matamu. Nitakukumbusha nilivyovunja jino. Nitalia."

Imbe akaanza kulia yeye.

"Unasikia, mama? Nitupe. Nitupe mbali. Huyo atakayelia chunguni si mimi. Mimi ndiye huyu ninayekuomba sasa hivi, ningali na moyo wa kukuomba."

Imbe akamshika mkono, akasema, "Nitakutupa, baba."

Pomasa akashusha pumzi. Akasema, "Ahsante, mwanangu," akageukia ukutani.

Na wala msiniulize kama alimtupa. Nyumba ile kwa Tamulo ni kwao. Imbe alikuwa mama wa bibi yake, na mpaka leo watu wamejaa humo, wazima.

Hadithi imefunga kamba, mimi nateremka. Zuri mlichukue, baya liachwe hapa kwenye jivu. Fundisho lake ni hili. Mpende aliyekufa, mkumbuke, mwombee, lakini usimtoe mtoto wako awe chakula chake. Aliye hai kwanza.

Na anayetoka nje kwenda haja aende na mwenzake. Mimi sisindikizi mtu. Siogopi, ila goti linaniuma tangu kule Rufiji, kwa yule kiboko.

Tena nawaomba sana, kwa heshima zenu. Tamulo alinishika bega akaniambia nisimwambie mtu, nami nimewaambia ninyi tu, na wale wa jana. Msimhadithie mtu. Likitajwa jina la yule mzee mara nyingi mno, huko chini anaanza kunenepa. Mimi leo nimelitaja sana. Msilitaje tena.